Mkimbiaji Kafungiwa, Aliyemdunga Anakula Bata

Mchezo ni uleule kila mara. Jina la mwanariadha wa Kenya linatokea kwenye orodha ya waliofungiwa, mitandao inawaka, picha za utani zinasambaa kabla hajapata hata wakili, na wale waliokuwa wanagombania selfie naye pale Eldoret wanafuta picha kimyakimya. Miaka 4 nje, matokeo yamefutwa, zawadi inadaiwa irudi. Sawa, katumia dawa za kusisimua misuli, alipe. Kuna waliokimbia kwa jasho lao wakakosa mshiko kwa sababu yake.

Ila jiulize: binti aliyetoka kijijini na viatu vya kuazima aliijuaje EPO? Hiyo si panadol. Ni homoni ya sindano, wanaihitaji wagonjwa wa figo, inaongeza chembe nyekundu za damu ili misuli ipate oksijeni zaidi. Inatunzwa kwenye friji. Ukidungwa kidogokidogo usiku inapotea mwilini haraka, na hesabu hizo mtu hapigi peke yake. Kuna aliyeileta, kuna aliyedunga, kuna anayekata asilimia yake kila zawadi ikiingia. Huyo wa mwisho leo yuko na V8 yake, anapost kama kawa.

Mwanariadha wa juu anatakiwa kutaja kila siku mahali na saa moja atakayopatikana apimwe. Akikosekana mara 3 ndani ya miezi 12, kwisha habari. Huyo "daktari" wa mtaani nani anamuuliza yuko wapi saa 12 asubuhi?

Na si kwamba kanuni hazipo. WADA inaruhusu msambazaji au mdungaji afungiwe kuanzia miaka 4 hadi maisha. Kenya ina sheria yake tangu 2016. Mwishoni mwa 2022, nchi ikiwa inanusa kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka 5. Basi hela hizo zisiishie kwenye vikopo vya mkojo. Wapelelezi waifuate sindano: duka la dawa lililouza, friji ilikolala, M-Pesa iliyolipa.

Tena mwanariadha akisaidia kumnasa mwingine, hadi robo tatu ya adhabu yake inaweza kusimamishwa. Lakini nani atamtaja meneja wakati mkataba, kambi na tiketi ya mbio ijayo vyote viko mkononi mwa huyohuyo?