Mwalimu Si Mshamba, Semina Ndiyo Mbovu

Wasee, hii tabia ya kuwacheka walimu imezidi. Mwalimu anahangaika na waya wa projekta mbele ya darasa, mtu huko nyuma anatoa simu (ambayo hata hafai kuwa nayo), anarekodi, na jioni klipu iko TikTok na kicheko cha kubandikwa. Komenti ni zilezile: walimu wetu ni wa kizamani, wastaafu, watupishe. Halafu wanasiasa nao wanakuja na wimbo wao: tutaleta vifaa zaidi.

Ukiangalia vizuri, anayecheka na anayeahidi vifaa wanaimba wimbo mmoja. Wote wanaamini kwamba kifaa kikifika darasani, kazi imeisha, na mwalimu akishindwa kukitumia basi yeye ni mshamba. Mimi nakataa. Mwalimu wa Kenya anajua teknolojia ya kushirikiana, pengine kukuliko.

Hebu fungua grupu yoyote ya WhatsApp ya mchango wa mazishi au harusi. Mtu anakopi orodha, anaongeza jina lake na kiasi alichotuma, anairudisha. Mwingine anafanya hivyohivyo. Watu themanini, mmoja Kitale, mwingine Mombasa, hawajawahi kukaa kikao kimoja, na Ijumaa gari la kusafirisha maiti limelipwa. Sasa niambie, mweka hazina wa hiyo grupu ni nani? Mara nyingi ni mwalimu. Huyohuyo odijo unayemcheka ndiye anajaza tathmini yake ya TSC mtandaoni na kuingiza alama za wanafunzi kwenye tovuti ya KNEC, usiku, kwa bando lake.

Na kila mtu anajua vile ile orodha huharibika. Watu wawili wakikopi kwa wakati mmoja, jina moja linapotea, na shangazi mmoja anawaka: mbona sijaona jina langu na nilituma elfu moja? Hati ya pamoja, kwa mfano Google Docs, inaondoa hiyo shida. Wote wanaandika kwenye ukurasa mmoja, kwa wakati mmoja, na kuna historia ya mabadiliko inayoonyesha nani aliandika nini na saa ngapi. Mweleze mwalimu hivyo, kwa mfano wa mchango, na ataelewa chai haijapoa. Lakini nani amewahi kumweleza hivyo?

Anachopata ni semina. Ukumbi mjini, walimu mia moja, mtaalamu amekuja na slaidi zake, anapitia vitufe ishirini mfululizo kama kondakta anayetaja stegi. Saa nne chai na samosa. Saa kumi cheti na picha ya pamoja. Jumatatu mwalimu anarudi kwa watoto sitini na tableti kumi (vishikwambi, kama unapenda Kiswahili cha taarifa ya habari), moja haichaji. Maswali aliyo nayo hayakuguswa kabisa. Watoto sita kwa kifaa kimoja, nani anakishika? Wale watano wanafanya nini? Kazi ya watu sita naisahihisha vipi, na najua aje kwamba mmoja hakubeba wengine mgongoni? Haya maswali hayahusu vitufe. Ni ya ufundi wa kufundisha, na hayajibiwi kwa siku moja ukumbini.

Tumepitia hii njia tayari. Mwaka wa 2013 tuliahidiwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Kufikia 2016 laptopu zilikuwa zimegeuka tableti, na zaidi ya vifaa milioni moja vikaenda shule za msingi za umma. Watu husahau kwamba mpango haukuwa wa tableti za watoto pekee. Ulikuwa na laptopu za walimu, projekta, na seva yenye waifai yake, ili watoto wapate masomo bila bando hata kidogo. Kwenye karatasi ni noma sana. Sasa uliza mdogo wako kama aliwahi kuona hiyo seva ikifanya kazi. Shule niliyosomea mimi, sitaitaja, ilikuwa na chumba cha kompyuta ambacho tulivua viatu kwanza, kama wageni kwenye sebule ya shangazi. Kufuli kubwa, mashine zimefunikwa vitambaa. Mwalimu aliyekuwa na ufunguo aliogopa zaidi kuulizwa kipanya kimeenda wapi kuliko kuulizwa tumejifunza nini. Simlaumu. Kilichohesabiwa kilikuwa vifaa.

Kinachouma ni kwamba jibu lilishapatikana hapahapa Kenya. Huko Kisumu, watafiti walilinganisha njia tatu za kusaidia watoto wadogo kujifunza kusoma: vifaa vya kusomea kwa wanafunzi, tableti kwa walimu, na tableti kwa maafisa wanaozunguka shuleni kuwashauri walimu. Njia zote tatu zilisaidia kuliko kutofanya kitu. Lakini kumpa kila mtoto kifaa hakukushinda kumpa yule mshauri, na ukipiga hesabu ya kila shilingi, mshauri alikuwa nafuu zaidi. Baadaye mpango wa Tusome, ulioanza 2015, ukawapa maafisa hao tableti nchi nzima. Mtu anaingia darasani, anakaa nyuma, anatazama somo, kisha anaongea na mwalimu kuhusu somo hilohilo.

Huo ndio msaada ninaoongelea, kukaa na mtu. Tusome ilihusu kusoma, madarasa ya chini. Mwalimu wa Gredi ya 8 je? Mtaala wa CBC unasema mawasiliano na ushirikiano, pamoja na ujuzi wa kidijitali, ni kati ya umilisi saba wa msingi. Ni sawa, lakini umemwagiza mwalimu afundishe ushirikiano, halafu ukamwacha ajifunze peke yake usiku kwa YouTube.

Mimi ningeanza na ratiba. Kipindi kimoja kila wiki, cha walimu pekee, ndani ya saa za kazi (si Jumamosi!), wakae wapange masomo yao kwenye hati moja ya pamoja. Wakosane humo, mmoja afute kazi ya mwenzake kwa bahati mbaya, wajue vile ya kuirudisha. Mwalimu aliyepitia hayo hatatetemeka yakitokea mbele ya darasa. Zana moja kwa muhula inatosha. Na yule anayekaa nyuma ya darasa asije na fomu ya kutoa maksi. Akija kama askari, mwalimu atafanya maonyesho tu.

Halafu kazi yenyewe ibadilike. "Andikeni insha kwa kikundi" si ushirikiano. Sote tunajua Wanjiku ataandika na wengine wataongea Arsenal. Lakini waambie watoto kila mmoja aulize bei ya mtungi wa maji wa lita 20 pale anapoishi, aingize kwenye jedwali moja, kisha kikundi kieleze mtaa gani unalipa zaidi na kwa nini. Hapo Wanjiku hawezi kufanya yote, kwa sababu hakai Kayole na Mukuru kwa wakati mmoja. Kila mtu ana kipande ambacho wengine hawana. Hiyo kazi inawezekana hata kwa tableti moja inayozungushwa. Stima ikipotea inawezekana kwa karatasi ya manila.

Najua mtu atasema hakuna pesa ya washauri. Lakini pesa ya vifaa haikosi kupatikana, kwa sababu kifaa kinapigwa picha na kukatiwa utepe. Mtu anayekaa nyuma ya darasa Jumatano saa tano hana utepe.

Kwa hivyo mheshimiwa wako akija shuleni kukabidhi maboksi, na wewe uko pale na simu, mrekodi yeye. Muulize: nani atakuja kukaa na mwalimu wiki ijayo, na ile inayofuata? Jibu lake ndilo la kuweka TikTok.