Acheni Kusingizia Mkono

Kwenye duka la nafaka Kariakoo, kijana mmoja alikuwa ananunua ulezi wa kupikia mbege, akimlalamikia muuzaji kwamba aliyopika mara ya mwisho ilichacha ikawa siki. Mzee aliyekaa kwenye benchi akamjibu bila hata kumtazama: "Mwanangu, pombe ni mkono. Kama hukuzaliwa nao, kanunue bia." Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akalipa, akaondoka na ulezi wake. Hakuna aliyemuuliza hata swali moja: kimea ulikiotesha siku ngapi?

Nimechoka na neno hilo la "mkono". Nalisikia Mabibo kwenye malori ya ndizi, nalisikia vilabuni Manzese, na kila linaposemwa mtu mmoja anaacha kujifunza.

Tazameni mbege inavyopikwa. Ndizi mbivu huchemshwa saa nyingi mpaka zikageuka rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zikachujwa. Ulezi hulowekwa, hutandazwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa, husagwa. Uji wa kimea hupikwa, hupozwa, ndipo huchanganywa na maji ya ndizi. Wengine hutia gome la msesewa kwa ajili ya uchungu. Ni hatua ipi hapo inayouliza umezaliwa na nani?

Chukueni kimea peke yake. Ulezi unapoota, ndani yake hutokea vimeng'enya, na hivyo ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari, chakula cha chachu. Hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi. Anayeanza na maji ya vuguvugu na kupandisha moto taratibu huvipa nafasi. Anayemwaga unga wa kimea kwenye maji yanayotokota ameviua papo hapo, na uji wake utabaki uji. Wanawake wawili, gunia moja la ulezi, sufuria zinazofanana: mmoja anasifiwa mkono, mwingine anaambiwa hana bahati. Tofauti yao ni moto.

Na Mchaga aliyesifiwa Marangu akahamia kwa mwanawe Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo? Anapika kama alivyopika miaka yote, anahesabu siku zilezile, inachacha. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni joto: kule mlimani usiku una baridi, huku chumba cha uani chenye bati mwezi Januari hakipoi hata saa tisa za usiku. Chachu inakimbia, bakteria wa siki nao wanakimbia. Dawa yake ni kuliweka pipa ndani ya beseni la maji, kubadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni, na kupunguza siku.

Kisha ndoo. Pitisha ukucha ndani ya ndoo ya plastiki iliyosuguliwa na stilwaya mwaka mzima. Ile mikwaruzo unayoigusa ndimo bakteria wanamolala, na sabuni haiwafikii. Unapika vizuri, unamimina humo, unaharibikiwa, halafu unasema jirani mwenye jicho baya alipita. Nunua ndoo nyingine, ioshe kwa kitambaa laini, ikaushe juani.

Watu wa jicho baya wananikera kuliko wote, maana imani yao inaua. Januari 2015, kijijini Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani, na mpikaji mwenyewe alikuwamo. Mara moja ikavuma kwamba kuna mtu ametia nyongo ya mamba. Wataalamu walipopima walikuta sumu ya bakteria, nayo ilitoka kwenye unga wa mahindi ulioharibiwa na mafuriko. Wakati watu wanamtafuta mwenye mamba, unga ulikuwa umekaa palepale. Ulezi wenye ukungu hautupwi kwa sababu mpikaji anauamini mkono wake.

Wananijibu: "Mabibi zetu hawakuwa na mizani." Hoja dhaifu kuliko zote. Mabibi walipima kwa kata, kwa kibuyu, kwa siku zilizopita, kwa kidole ndani ya uji. Walipima mpaka wakaacha kufikiri kwamba wanapima. Anayesema walikuwa na kipaji tu anawadharau, anawafutia miaka arobaini ya kazi.

Huko Copenhagen mwaka 1883, bia ya Carlsberg ilipokuwa inaharibika, hawakutafuta mtu mwenye mkono. Emil Christian Hansen alikaa na darubini, akaitenga chembe moja ya chachu safi, akaizalisha. Hata kiwanda cha bia cha Ilala, jirani kabisa na Kariakoo, hakiajiri mikono ya kuzaliwa nayo. Kinapima joto, kinapima sukari, kinaandika. Ndiyo maana chupa ya leo ina ladha ya chupa ya jana.

Lakini sisi kupima hatupendi. Mkulima anauziwa lumbesa, gunia limepanda kichwa kama kilemba, analipwa la kawaida. Sokoni kopo limebonyezwa kitako ili likuibie mchele. Fundi anachanganya saruji kwa macho, nyumba ikipasuka anasingizia udongo. Wote hao wanamlinda yule mzee wa benchi, kwa sababu penye mizani maneno yao yanakwisha.

Kijana yule akisoma hapa, anunue daftari na kipimajoto. Kisha apande basi aende kwa bibi yake angali hai. Bibi achote ulezi kwa mkono wake, kama alivyozoea. Kabla haujaingia kwenye maji, kijana aumwage kwenye mizani, aandike gramu. Bibi akisema moto umetosha, atie kipimajoto, aandike nyuzi. Akisema imeiva, aandike siku na saa.