Aisii Imetoka Wapi?

Kariakoo ya Dar es Salaam ilizaliwa jeshini. Jina lenyewe ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mzigo wa enzi ile ulikaguliwa kwa macho: gunia likifunguliwa, unga ulionekana. Rada, droni na redio za jeshi la leo zinategemea vipande vya silikoni vidogo kuliko ukucha, yaani chipu au aisii, na jicho tupu haliwezi kusema kilichomo.

Fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, analijua hilo. Akiletewa bodi huiweka chini ya hadubini, atafute mabaki ya risasi ya kuchomelea na maandishi yaliyokwanguliwa. Anataka kujua kama aisii ni mpya au imeng'olewa kwenye simu iliyokufa.

Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu feki nchini. Wananchi walikuwa wamebonyeza *#06# na kutuma IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 ili kujua simu zao ni halali au la. Ilikuwa hatua nzuri, ila ilikagua namba tu. Namba hunakiliwa.

Jeshi haliwezi kuishia hapo. Mei 2012, Kamati ya Seneti ya Marekani inayosimamia majeshi ilitoa ripoti yenye visa takriban 1,800 vya vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa feki, jumla yake zaidi ya milioni moja. Baadhi vilifika hadi kwenye skrini za ndege za C-130J. Vingi vilitoka China, ambako bodi za taka zilichomwa moto ili aisii zing'oke, zikaoshwa, zikasuguliwa na kuandikwa upya. Mlango uliopitiwa na vipuri hivyo ni wa kawaida kabisa: ndege hudumu miaka 30, kiwanda huacha kutengeneza chipu baada ya miaka michache, na mnunuzi huangukia mikononi mwa madalali.

Kisha ikaja Septemba 17, 2024. Peja za kundi la Hezbollah zililipuka Lebanon na kuua watu, watoto wakiwemo. Zilikuwa na nembo ya Gold Apollo, kampuni ya Taiwan inayojulikana, na zilinunuliwa ili kukwepa simu zinazofuatiliwa. Nembo haikuonyesha kilichofichwa ndani yake.

Wapo watakaosema Tanzania ijenge kiwanda chake cha chipu. Jarida hili halikubaliani nao. Kiwanda cha kisasa hugharimu mabilioni ya dola, na hata Marekani, iliyoingia mkataba na IBM mwaka 2004 ili ipate chipu za kuaminika, ilishuhudia viwanda vya IBM mwaka 2015 vikihamia GlobalFoundries, wakati huo mali ya Abu Dhabi.

Kilicho ndani ya uwezo wa nchi ni ukaguzi: mashine za eksirei, asidi ya kufungulia chipu, mikataba inayodai hati za kila mkono uliopokea kipuri tangu kiwandani, na akiba inayonunuliwa kabla kiwanda hakijaacha kukitengeneza. Wenye macho ya kazi hiyo wapo. Kutoka Mtaa wa Aggrey hadi Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ni mwendo wa miguu, na Barabara ya Morogoro inayopita mbele ya taasisi hiyo ndiyo inayofika Kibaha, kiliko kituo cha magari cha jeshi cha Nyumbu, na Morogoro, liliko Shirika la Mzinga la jeshi. Maabara ya kwanza ya kukagua chipu za jeshi ijengwe kwenye barabara hiyo, na mafundi wa Kariakoo waitwe kufundisha humo.