Mfumo Mpya wa Kompyuta Uje na Mafundi Wake

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma yake ya kawaida ya kurekebisha usalama wa mfumo endeshi wa Windows 10. Habari hiyo yaweza kuonekana ya mbali kwa mkulima wa pamba wa Itilima, lakini kwa mtendaji mwenye kompyuta ya miaka kumi mezani pake ni habari ya nyumbani kabisa. Mfumo uliofuata, yaani Windows 11, huzikataa kompyuta nyingi za umri huo. Basi mtendaji huyo hana budi kununua kompyuta mpya, au kuendelea na ile ile bila kinga ya kudumu, au kuweka mfumo wa programu huria kama Linux, usiotozwa ada na ambao msimbo wake u wazi kwa fundi yeyote kuusoma na kuurekebisha.

Sisi twaiunga mkono njia hiyo ya mwisho. Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaoitangaza kana kwamba ni kupewa ng'ombe wa bure. Ng'ombe wa bure naye hutaka mchungaji na maji, na Msukuma hahitaji kuelezwa hilo.

Tuchukulie katibu muhtasi wa ofisi moja mjini Bariadi, aliyeizoea kazi yake kwa Word na Excel miaka kumi na mitano. Siku ya kwanza ya mfumo mpya, taarifa aliyoipanga vizuri inafunguka katika LibreOffice huku jedwali lake limerukia ukurasa wa pili. Printa, ambayo mtengenezaji wake hakuiandalia programu ya Linux, imekaa kimya. Mkuu wake anaisubiri taarifa hiyo ya robo mwaka. Jioni atamwita kijana wa dukani amrudishie Windows, tena nakala ya wizi, na hapo ofisi itakuwa imerudi nyuma kuliko ilikoanzia. Hatumlaumu katibu huyo. Mwenye kosa ni yule aliyembadilishia chombo bila kumfundisha.

Na tuseme kweli juu ya nakala hizo za wizi. Ndizo zinazoifanya Linux isivutie, kwani kwa watu wengi Windows nayo ni ya bure, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haisemi hivyo.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu kwa lugha ya Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, lakini katika ofisi tunazoingia leo hatuioni. Kwa maoni yetu, programu hiyo ilikosa agizo la kuitumia na dawati la kuuliza pindi mtu akikwama.

Hata mataifa tajiri yamejikwaa. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, kisha mwaka 2017 madiwani wake wakaamua kurudi Windows. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilikwenda taratibu zaidi: lilianza na programu za kuandikia mwaka 2005, kikafuata kivinjari cha intaneti, na mwaka 2008 ndipo likaanza kubadili mfumo wenyewe. Askari wake walipoona sura mpya kwenye kioo, programu za kazi zilikuwa ni zile walizokwisha kuzizoea.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, una halmashauri sita, na twaona zingefaa kuifuata njia hiyo ya Wafaransa. LibreOffice iwekwe kwanza ndani ya Windows iliyopo, barua na majedwali yazoeleke. Mifumo mingi ya Serikali siku hizi hufunguliwa kwa kivinjari, jambo ambalo ni nafuu kubwa. Hata hivyo Mamlaka ya Serikali Mtandao yapasa iseme kwa maandishi ni mifumo ipi imejaribiwa katika Linux, ili mhasibu wa Meatu asije akagundua mwenyewe siku ya kulipa mishahara.

Ndugu zetu wa visiwani wana hoja nzito zaidi. Kompyuta ya shule ikigoma Ukara, fundi wa kutoka Mwanza huvuka maji mara mbili kabla ya kuigusa. Huko mfumo mpya usipelekwe mpaka apatikane mwalimu wa papo hapo aliyefundishwa kuutengeneza, mwenye nakala za programu na marekebisho yake kabatini, asiyengojea mtandao wa simu.

Twapendekeza kila halmashauri isomeshe mafundi wawili kabla ya kugusa kompyuta hata moja. Makisio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai huandaliwa miezi mingi kabla; wakurugenzi wasioweka fungu la mafunzo hayo sasa watalisubiri mwaka mzima mwingine, na kompyuta zao zikiwa wazi kwa kila kirusi kipitacho.