Ufunguo wa Kabati

Wako wazee wenzangu hapa Mandewa wanaoshikilia kwamba chombo cha kupimia kikishanunuliwa kitumike kama kilivyotoka dukani, na kijana anayekichokoa ni mharibifu. Hoja hii naikataa, tena naikataa nikijua yaliyomkuta kijana wetu fundi redio.

Kijana huyu alinunua osiloskopu ya bei ndogo, yaani kile chombo kinachochora kwenye kioo jinsi umeme unavyopanda na kushuka. Zile za zamani, za mirija, hazikuwa na programu yoyote. Hizi za siku hizi ni kompyuta ndogo: hugeuza umeme kuwa tarakimu, na kazi yote huongozwa na programu iliyohifadhiwa ndani. Basi akapata programu mpya, akaanza kuiingiza. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Ya zamani ilikwisha kufutwa, mpya haijaingia yote. Kioo kikabaki cheusi. "Tulisema," wakasema wazee.

Mlisema nini? Hamkumwambia atumie betri. Hamkumwambia asome kwanza hiyo mpya inarekebisha kasoro ipi, na kama kasoro hiyo haimsumbui aiache. Mlisema "usiguse" tu, na hilo si fundisho.

Wala muuzaji si wa kufuatwa kwa kufumba macho. Mwaka 2010 ilifahamika kwamba Rigol DS1052E, iliyouzwa kuwa ya megahezi 50, ilijengwa kwa vifaa vilevile vya DS1102E ya megahezi 100, iliyokuwa ghali zaidi. Watu waliweza kuigeuza ya kwanza kuwa ya pili kwa kubadilisha maelezo machache ndani ya programu yake. Waliogundua hayo ni wale waliofungua kifuniko. Watiifu waliendelea kutumia nusu.

Mimi mwenyewe sina mikono safi. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, vipimo vya maabara vilikaa kabatini na ufunguo ulikaa mfukoni mwangu, visije vikavunjika. Kweli havikuvunjika. Walimu wa sayansi walihitimu wakiwa wameviona kupitia kioo cha kabati, wakaenda kufundisha umeme kwa chaki.

Sasa kijana anatafuta namna ya kuirudisha ile programu ya zamani. Nimempa betri ya gari na inveta, na wanafunzi wake wawili wamekifungua chombo mezani kwangu. Jana jirani alikuja kuuliza kama nimerukwa na akili. Nikamvutia kiti, akae atazame.