Mila ya Nani?

Mwambie mzee wa barazani hapa Bamburi apunguze kuberi, atakujibu ni mila. Mila gani, jamani? Vuka daraja la Mtwapa uende Jumba la Mtwana. Mji ule ulijengwa karne ya 14 ukahamwa karne ya 15, kabla Columbus hajafika Amerika mwaka 1492, na tumbaku asili yake ni huko. Waliojenga ile misikiti ya matumbawe hawakuwahi kuionja.

Na viko vya udongo vya pango la Lalibela, Ethiopia, vya mnamo 1320? Vilipopimwa vilikutwa na bangi. (Hiyo nayo msiigeuze mila.)

Shisha ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini wapo bado wanaowauzia vijana wetu moshi na kuuita utamaduni wa Pwani. Haya, nionyesheni kiko kimoja cha tumbaku kilichofukuliwa Jumba.