Siku Tuliyovuka Kwenda Kilwa Kisiwani

Mwezi huu siandiki juu ya chanjo wala lishe. Naandika juu ya safari, na naomba mnivumilie, maana katika miaka 26 ya ndoa yangu safari zote zimekuwa za misiba, semina na kusindikiza wagonjwa. Ya kutembea tu na kuangalia sikuwahi kuifanya. Hata hii haikuanza hivyo.

Binti yangu wa kwanza anaishi Kilwa Masoko, ambako mumewe ni mwalimu. Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi wa saba, alijifungua salama mtoto wa kiume, nami nikaomba likizo kwenda kumlea kama ilivyo desturi yetu. Niliondoka Lupiro alfajiri na debe la mchele, kuku wawili na samaki wakavu. Zamani pale mto Kilombero tulisubiri kivuko, mara nyingine tukiwa na mjamzito mwenye uchungu ndani ya gari. Tangu 2018 tuna daraja, na kila nikipita hapo nashukuru kimoyomoyo. Nikalala Dar es Salaam, kesho yake nikapanda basi la kusini. Tulipokuwa juu ya daraja la Mkapa, mzee mmoja niliyekaa naye aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akacheka: "Basi mama, maji haya ni ya kwenu." Ni kweli. Kilombero inakutana na Luwegu ndipo unapatikana mto Rufiji. Nikajiona sijaenda mbali.

Nilimkuta mzazi hana homa, kidonda kimekauka, maziwa yanatoka, na mtoto anaongezeka uzito. Mimi muuguzi nikaridhika. Lakini binti yangu alikuwa kimya. Alimnyonyesha mtoto, akimaliza ananipa mara moja, kisha anakaa kuutazama mlango. Hakumwimbia hata mara moja. Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, mshukuru Mungu, wenzako wanatafuta mtoto hawapati." Maneno hayo nayaandika kwa aibu. Ningemsikia mama mwingine akiyasema wodini, ningemvuta pembeni.

Arobaini ilipokwisha, mkwe wangu akasema twende kisiwani. Anafundisha historia, na alikuwa na kitabu chenye picha za Angkor, mahekalu ya mawe kule Kambodia yaliyoanza kabla ya karne ya 12, na miti imeota juu ya kuta zake. Watu wa dunia nzima wanafurika mji wa Siem Reap kwenda kuyaona. "Mama," akasema, "sisi tuna yetu hapo ng'ambo, na wewe umekaa mwezi mzima hujavuka." Kambodia mimi niliijua kwa jambo moja tu: malaria sugu isiyosikia klorokwini ilianzia mpakani mwa nchi hiyo na Thailand, baadaye ikatufikia na sisi, hata mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini kama dawa ya kwanza. Sikujua kuwa wana mahekalu.

Tulichukua kibali Masoko, tukashuka gatini na kupanda boti ya injini. Jirani alilalamika kwamba mtoto ni mchanga mno kwa upepo wa bahari. Nilimfunika vizuri nikampakata mwenyewe, na wote tukavaa maboya. Kisiwa kiko karibu, unakiona kabla hujapanda. Kinachokupokea kwanza ni Gereza, ngome iliyosimama ufukweni. Wareno waliuvamia mji huu Julai 1505, wakaupora na kujenga ngome, wakaondoka 1512. Gereza lililopo leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Oman waliokuja baadaye.

Mzee aliyetuongoza alitueleza hadithi ambayo akina mama mtaipenda. Inasemekana sultani wa kwanza, aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa kwa kitambaa cha kutosha kukizunguka chote. Mimi nikaanza kuhesabu ni doti ngapi za khanga, nikashindwa. Utajiri wenyewe uliletwa na dhahabu ya Sofala, iliyopita hapa kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Vyombo vya udongo vya China vilifika, na masultani walipiga sarafu zao wenyewe. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri. Aliandika pia kwamba sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, aliombwa na maskini mmoja nguo alizokuwa amevaa, akampa.

Tukaingia Msikiti Mkuu. Najua wengine mtauliza mwanamke wa kanisani alitafuta nini msikitini. Nilijitanda khanga nikaingia kwa heshima, maana watu walisali humo kwa karne nyingi. Sehemu ya zamani ni ya karne ya 11, na kubwa iliongezwa karne ya 14. Ni safu za nguzo, matao na kuba, vyote vya matumbawe na chokaa. Kuba nyingine zimeanguka, na mwanga unaingia kutoka juu na kutua sakafuni. Ndani mna ubaridi hata adhuhuri. Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa UNESCO, uliyaweka magofu haya pamoja na ya Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari na mvua zilikuwa zikiyala, na baada ya kazi ya kuyakarabati yakatolewa 2014.

Ilibaki Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Sikuiona. Binti yangu alisema amechoka, tukaketi kwenye baraza ya nyumba moja ya kijijini, wanaume wakatangulia. Mwenye nyumba, bibi wa makamo ya mama yangu, alitupa maji, akampokea mtoto na kumsifu. Kisha akamtazama binti yangu kwa muda. "Mama mtoto," akasema, "mtoto analala. Wewe unalala?"

Binti yangu akaanza kulia. Alilia mpaka ushungi wake ukalowa, na yule bibi hakumnyamazisha. Ndipo aliponiambia kwamba tangu ajifungue halali hata mtoto anapolala, kwamba hahisi kitu akimtazama, na kwamba anaogopa kubaki naye peke yake. "Nilishindwa kukuambia, mama, kwa sababu wewe ni nesi."

Akina mama, mzazi wengi hulia siku za mwanzo, na kwa kawaida hupita. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, akakosa usingizi, akakosa hamu ya mtoto au ya chakula, huo ni ugonjwa na una matibabu. Si uvivu, si kukosa shukrani, wala si kurogwa. Akisema anaogopa kumdhuru mtoto au kujidhuru, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Haya nimeyafundisha wengine kwa miaka mingi, na nyumbani kwa mwanangu nilipima homa na tumbo tu. Na kliniki alikokwenda, mtoto alipimwa uzito, yeye hakuulizwa kitu.

Jioni ile ile, tuliporudi Masoko, tulikwenda kumwona daktari. Mkwe wangu, namshukuru, hakubishana. Usiku alimchukua mtoto yeye, akawa ananyonyeshwa na kurudishwa kwa baba yake, ili mama apate kulala. Baada ya wiki tatu nilikuja nao Lupiro, mama na mtoto, wakae nami.

Dawa bado anaendelea nazo, na kuna siku hata sasa haamki vizuri. Mwezi uliopita nilimkuta uani akimwogesha mtoto, anamwimbia wimbo wa Kipogoro ambao mama yangu aliniimbia mimi. Nilirudi ndani taratibu asinione. Jumapili mumewe akapiga simu kuuliza lini wanarudi. Nilimsikia akimjibu kwamba watarudi Krismasi ikipita, na kwamba nitakwenda nao, maana mama hajaiona Husuni Kubwa.